Mbolea ya Kaunda

Kaka yake bibi alikuwa akivuka mpaka wa Tunduma kila Krismasi kuja kwetu na sukari ya Zambia. Chai haijapoa, yeye na babu wameshaanza: Kaunda, rais wa Zambia wa wakati ule, na mbolea yake ya mwaka 1978.

Kwetu ni Mbozi. (Sasa ni mkoa wa Songwe, lakini babu hakulikubali hilo, aliingia kaburini akiwa mtu wa Mbeya.) Babu alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Mbeya ya Tazara, reli ya Tanzania na Zambia. Shemeji yake alilima mahindi upande wa Nakonde. Sisi Wanyamwanga mpaka ulitukuta tumeshaoana, kwa hiyo mambo ya nchi mbili kwetu yalikuwa mambo ya ukoo.

Kisa chenyewe ni hiki. Januari 1973 Ian Smith, waziri mkuu wa serikali ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alifunga mpaka wake na Zambia, baada ya muda mfupi akataka kuufungua. Kaunda akagoma: umeufunga mwenyewe, basi ubaki hivyo hivyo. Ukabaki zaidi ya miaka mitano. Ilipofika Oktoba 1978, mvua ziko mlangoni na mbolea haijafika, Kaunda akafungua reli ya kusini, mizigo ipite kwa Smith. Nyerere na Samora Machel wa Msumbiji hawakupendezwa kabisa. Hawa walikuwa wenzake wa mstari wa mbele, wanawahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe.

"Tumejenga reli kilometa 1,860 ili msimpigie Smith magoti," babu alikuwa akisema, "ninyi mkaenda kumlipa nauli!"

"Reli niliiona, shemeji. Mbolea ndiyo sikuiona."

Hapo babu alikuwa anatafuta ugoro wake mfukoni. Mimi najua kwa nini, maana aliniambia siku moja tukiwa wawili tu: mabehewa hayakutosha, injini zilikuwa zinakufa, na bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imejaa mizigo ya Zambia. Yeye ndiye alikuwa akiandika vitabu. Mbele ya shemeji yake hakulitamka hilo hata mara moja.

Badala yake alirudi nyuma, 1965. Smith alipojitangazia uhuru kutoka Uingereza, OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilizitaka nchi za Afrika zivunje uhusiano na Uingereza kama haijamwangusha kufikia Desemba 15. Tanzania ikavunja, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa. Zambia haikuvunja. "Mwalimu alikuwa na bahari," mzee wa Nakonde alijibu. "Kaunda alikuwa na nini? Mafuta yenyewe yalikuwa yanapita kwa huyo huyo Smith."

Kulikuwa na daraja la Chambeshi pia, ambalo kila mmoja alilivutia kwake. Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalililipua, Tazara ikakatika. Babu: mmeona, mnamlipa na bado anawalipua. Shemeji: na kusini kungekuwa kumefungwa, mwaka ule tungekula nini?

Miaka yote nilikuwa upande wa babu. Nilisoma shule za Mwalimu, ningekuwa upande gani tena? Wazee wote wawili wameshatangulia.

Msimu wa juzi nilijiandikisha mbolea ya ruzuku, heka tatu za mahindi. Namba ilikuja kwenye simu mapema tu. Wakala akasema mzigo uko njiani. Nikaenda tena, uko njiani. Mvua ikaanza mwishoni mwa Novemba, majirani wanapanda, mimi nazunguka na namba. Wiki ya pili ya Desemba kijana mmoja akanipigia saa tatu usiku: ipo ya kupandia, mifuko sita, hela mkononi, risiti hakuna. Tuliishusha kwenye bodaboda, miwili miwili, taa zimezimwa. Sikumuuliza imetoka wapi.