Kanisa la Wharram Percy kwa kadibodi: nilipofikia

Kwa mnaoanza kufuatilia: natengeneza mfano wa kanisa la Mtakatifu Martin, Wharram Percy, mahame yaliyo kwenye vilima vya Yorkshire, Uingereza. Kipimo ni 1 kwa 100. Gofu lenyewe lilivyo leo mtu anaweza kulipiga picha tu. Mimi nataka kanisa linalobanduka vipande: ukitoa kimoja umehama karne.

Machi, kuta na mbawa

Ukumbi mkuu wa karne ya 12 umesimama, na mbawa zake mbili, yaani kumbi nyembamba za ubavuni, zinachomekwa pembeni kwa vijino vya kadibodi. Kijiji kilipokuwa na watu wengi kanisa lilipanuliwa, ubawa wa kusini kwanza, kisha wa kaskazini. Watu walipopungua, mbawa zikabomolewa na matao yakazibwa kwa mawe. Kanisa lilipunguzwa kama gauni kwa fundi, na matao yaliyozibwa bado yanaonekana ukutani. Nimeyachonga yote, ingawa ubawa ukiwa mahali pake huwezi kuyaona.

Wengi hudhani tauni ya 1348 na 1349 ndiyo iliyokimaliza kijiji. Hapana. Watu waliendelea kuishi pale vizazi kadhaa, hadi familia za mwisho zilipoondolewa karibu na mwaka 1500 ili ardhi iwe malisho ya kondoo.

Mei, mnara

Mnara uliporomoka nusu mwaka 1959, miaka kumi tu baada ya ibada ya mwisho ya kawaida. Nimeukata wima, nusu moja ya kudumu, nusu nyingine ya kuvua. Msasa laini uliopakwa chai unatoa rangi nzuri ya mawe yale.

Julai, makaburi

Hapa ndipo kazi iliponoga. Mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst waliongoza uchimbaji uliodumu kuanzia 1950 hadi 1990, na kanisani na uwanjani ilipatikana mifupa ya watu 687. Wakulima wa kawaida, ambao hakuna aliyewahi kuandika habari zao. Kemikali za mifupa ya watoto zinaonyesha walinyonyeshwa hadi karibu miezi 18. Walikua polepole sana: wa miaka 14 alilingana kimo na wa miaka 10 wa siku hizi. Halafu kuna mwanamume wa miaka 40 hivi, wa kama miaka elfu moja iliyopita, aliyepigwa kichwani na kitu butu. Mtu alimpasua fuvu, akaondoa vipande vya mfupa vilivyokandamiza ubongo, na kidonda kikapona. Mkulima! Nilidhani tiba ya namna hiyo ilikuwa ya wakubwa tu.

Kuna mifupa mingine ambayo haikuzikwa uwanjani. Vipande 137, vya watu wasiopungua kumi, vilikuwa mashimoni katikati ya kijiji, vimekatwa na kuchomwa moto. Utafiti uliotolewa 2017 ulizingatia kwamba alama nyingi za kisu ziko kichwani na shingoni, si kwenye viungo kama ingekuwa watu waliliwa kwa njaa. Meno yanaonyesha walikuwa wenyeji. Maelezo yanayowezekana zaidi ni kwamba waliogopewa kufufuka na kuwasumbua walio hai. Nayaamini kuliko lile la njaa. Mashimo hayo yako nje ya ubao wangu, na sitaupanua kwa ajili yake.

Mawe ya makaburi yaliyobaki nayafanya machache. Mengi si ya wanakijiji: kijiji kilipokufa, parokia iliendelea na vitongoji vingine, kikiwemo Thixendale, kama kilomita 5 hivi kupitia mabondeni. Waumini wa huko waliibeba mizigo ya maiti wao njia hiyo yote kwa karne nyingi, kwani hawakuwa na kanisa lao hadi 1870.

Sasa

Kilichobaki ni sakafu. Chini yake wachimbaji walikuta mashimo ya nguzo za kanisa la mbao, la karne ya 10 hivi, kisha misingi ya kanisa dogo la mawe. Nitaifanya sakafu iinuke, na nguzo zitakuwa vijiti vya kiberiti. Gundi ya maji inalainisha kadibodi, kwa hiyo hapo nitatumia ile ya mbao.