Noti ya Tunduma

Mama alipopiga simu kuuliza kama nimefika, nilimjibu nimepata nyumba Kenya. Kimya. "Si mlisema Kongo?" Ikabidi nimweleze kwamba Kenya ni mtaa wa hapahapa Lubumbashi, una soko lake kubwa, na kwamba sikupotea njia. Mpaka leo majirani Mbeya wanaambiwa niko Kenya. Nimeacha kubishana.

Safari yenyewe sina mengi ya kusema. Tunduma, halafu Zambia yote, nikilala na kuamka na miguu iliyovimba, mpaka Kasumbalesa, mpakani na Kongo, ambako malori kutoka Dar yamepanga foleni usiyoona mwisho wake na madereva wanasonga ugali chini ya matela. Mmoja aliniita, "Dada, mzigo huo wote unaenda wapi?" kwa lafudhi ya Temeke kabisa, nikajiona bado niko nyumbani. Nilivuka na wazo hilo kichwani. Kijana aliyejitolea kunibebea begi hadi ng'ambo alinidai dola kumi. Begi moja! Nikatoa, maana begi lilikuwa mkononi mwake.

Mume wangu ni fundi wa malori. Wiki niliyofika alikuwa ameitwa Kolwezi, kwa hiyo kulipia nyumba kulibaki juu yangu. Vyumba viwili ndani ya lupango, yaani uwanja mmoja wenye ukuta na familia nne, dola 80 kwa mwezi. Garanti, yaani amana ya nyumba, miezi mitatu, na mwezi wa kwanza juu yake: 320. Kwa hela hiyo Mbeya ningepanga nyumba nzima yenye mparachichi uani. Lakini dola nilikuwa nazo, nilizibadili Tunduma kwa kijana mmoja mwenye kofia nyekundu, noti tatu za mia na moja ya ishirini.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mpole, kitenge kimekaa sawasawa. "Jambo yako, mama. Ingia, ikala." Nikaketi. Akapokea bahasha, akazipanga noti mapajani. Hakuzihesabu. Aliichukua moja moja, akapitisha kidole gumba ukingoni mwake polepole huku macho yakiangalia ukutani, kama fundi anayepima makali ya kisu. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kwenye ya tatu kidole kikasimama.

"Hii haina muzuri, mutoto wangu. Iko na kitobo. Tosha ingine."

Mimi nikasikia "tosha". Nikajua ameona nimetoka mbali, amenihurumia, kilichopo kimetosha. Macho yalinilenga machozi. Nikaikunja bahasha na kumwambia, "Asante sana mama, Mungu akuzidishie."

Akanitazama. Nikamtazama. "Azidishe nini?" akauliza. "Tosha ingine!"

Kijana wake aliyesimama mlangoni alianza kucheka mpaka akashika fremu. "Yaya, kutosha njo kutoa. Anasema utoe ingine." Kisha akamgeukia mama yake kuniombea msamaha: "Anasema Kiswahili bora, mama. Iko nguvu." Nguvu, nilikuja kujifunza, maana yake ngumu. Mimi niliyefundisha darasa la tatu miaka minne, Kiswahili changu kinaombewa radhi mlangoni.

Nilipoiangalia ile noti juani ndipo nikaona mchano, mfupi kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Kwetu konda anapokea elfu moja iliyoungwa kwa selotepu na hasemi neno. Na faranga za hapa zinapokelewa zikiwa laini kama kitambaa cha kufutia meza. Dola tu ndiyo inatakiwa iwe kama imetoka kupigwa pasi. Yule kijana akanipeleka kwa kambisti, mbadilisha fedha, mzee aliyekaa chini ya mwavuli barabarani na mafungu ya faranga mbele yake kama anauza nyanya. Naye kidole gumba kilekile. "Themanini," akasema. Dola ishirini kwa mchano ule? Nikairudisha kwenye pochi. Mume wangu akatuma zilizopungua kwa simu, na alinisema siku mbili.

Miezi mitano sasa. Ugali naujua ni bukari, kisamvu ni sombe, na wanapika vizuri kuliko mimi, nakiri. Bei ya mfuko wa unga watu wanaifuatilia kama sisi tunavyofuatilia Simba na Yanga, kwa sababu unga mwingi unatoka Zambia na ukikwama huko mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Mchele sinunui. Nimeonja wa hapa, nikakumbuka wa Kyela, nikafunga mjadala. Umeme ukikatika, na unakatika, tunawasha makala, yaani mkaa, na harufu ile pamoja na baridi ya Julai inanirudisha Mwanjelwa moja kwa moja. Baridi hiyo hakuna aliyenionya. Nilikuja na magauni ya Dar.

Kijana wa mwenye nyumba aliponiuliza kama kweli natoka kwa kina Samatta, nikasema ndiyo, ingawa Mbeya na Mbagala kwao Samatta ni mbali. Alikuwa mtoto mwaka 2015 Mazembe, timu ya hapa, ilipochukua kombe la Afrika na Samatta akiwa mle, anasema alibebwa mabegani hadi Kamalondo, mtaa wenye uwanja wao. Tangu hapo maji ananichotea bure.

Juzi mdogo wangu ameniambia anataka kuja kutembea. Nikamwagiza alete mchele kilo kumi, sweta mbili, na dola akague ukingo kwa kidole. "Yenye kitobo utoshe," nikamwambia. "Zitoshe nini?" akauliza.

Ile mia bado iko kwenye pochi. Desemba nikipita Tunduma namtafuta mwenye kofia nyekundu.