Nilivyohesabu saa za safari ya mama, kutoka Tanga hadi Toronto

Mama yangu, ambaye hajawahi kuishi kwingine ila Tanga, alipokatiwa tiketi ya kwenda kumtembelea dada yangu Toronto, nchini Kanada, mwezi wa Januari, kilichoninyima usingizi ni vidonge vyake vya presha, ambavyo humeza kila baada ya saa 12. Tiketi ilionyesha kuwa angeondoka Dar es Salaam saa 16:45, yaani saa 10:45 jioni kwa hesabu yetu, na kufika saa 08:30, yaani saa 2:30 asubuhi ya siku ya pili. Ukitoa tu, unapata saa 15 na dakika 45. Sikuamini.

Nilianza na umbali. Nilichukua tufe la darasani, nikavuta uzi kutoka Dar es Salaam hadi Toronto, kisha nikaulaza kwenye ikweta, ambayo urefu wake ni takriban kilomita 40,000. Ulifika pungufu kidogo ya theluthi, nami nikakadiria kilomita 12,800. Lakini mama asingepita njia ya uzi, kwani alikuwa anabadili ndege Dubai: takriban kilomita 4,000 hadi hapo, kisha 11,000 hadi Toronto. Nilipomweleza mzunguko huo alinielewa mara moja, maana kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, ilhali basi hutembea karibu 350 kwa kupitia Segera na Chalinze.

“Kumbe na ndege ina Segera yake, mwanangu,” alisema.

Ndege kubwa za abiria huenda takriban kilomita 900 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 15,000 zinahitaji zaidi ya saa 16 hewani, hata kabla ya kuhesabu kusubiri Dubai, na hapo ndipo nilipotambua kuwa kila muda kwenye tiketi ni wa mahali ndege ilipo. Dubai iko mbele yetu kwa saa 1. Toronto, majira ya baridi, iko nyuma yetu kwa saa 8. Nilipobadili nyakati zote kuwa za Tanga, nilipata saa 5 na dakika 40 hadi Dubai, saa 4 na dakika 5 za kusubiri, na saa 14 za mwisho: jumla saa 23 na dakika 45.

Daktari wake alikubali afuate saa za Tanga hadi atakapofika. Basi nilimwandikia kwa herufi kubwa: kidonge cha saa 2 usiku, kabla ya kutua Dubai, cha saa 2 asubuhi, ndani ya ndege ya pili, cha tatu angekimeza nyumbani kwa dada, kule ikiwa saa 6 mchana. Saa yake ya mkononi hatukuigusa. Alipopiga simu kutoka Toronto ilisoma saa 11:20 jioni, kama ya ukutani kwangu, na vidonge viwili alikuwa ameshavimeza.