Kliniki ya kwanza: nilihesabu kwa mfunguo, sikungoja tumbo

"Wacha mimba ishike kwanza, mwanangu. Kliniki utakwenda mwezi wa nne." Ushauri huo nilipewa na kila mkubwa niliyemwambia, na kila mmoja ana sababu yake. Huyu anachelea kijicho. Yule anasema manesi watanirudisha kwa kuwa tumbo bado halijaonekana. Wifi yangu ndiye kiboko: ati sindano ya pepopunda huitoa mimba changa. La kijicho nitalirudia. Hayo mengine mawili si kweli, na yananiudhi kwa sababu yanawachelewesha watu wenye akili zao timamu.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mama mjamzito ahudhurie mara 8, si 4 kama zamani, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mimi niliiwahi, hapa hapa Pemba, na wala si kwa ujuzi wa ajabu. Kilichonisaidia ni kujua wiki hizo zinahesabiwa kutoka wapi.

Nesi hahesabu tangu ulipokosa siku zako. Wala hahesabu tangu bwana alipoteremka na boti kutoka Unguja. Anahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Kwa hivyo siku ile unayosema "mbona mwezi huu sijaona", kwake yeye tayari una wiki nne. Sasa mchukue anayengoja miezi minne tangu kukosa: huyo akifika kwenye benchi anakaribia wiki ya 21, nusu ya safari imeshapita.

Tatizo ni tarehe. Ukiulizwa "hedhi ya mwisho lini?" wengi tunatazama dari. Lakini mwanamke wa huku anayefunga anazo tarehe zake, ila ameziweka kwenye deni la saumu, zile siku za Ramadhani alizokula kwa sababu ya hedhi na anatakiwa azilipe! Kila mtu anajua anadaiwa siku ngapi na zilianza tarehe gani. Basi nikaanzia hapo, na naona fahari kulisema hili maana sikufundishwa na mtu.

Mimba huchukua siku 280 tangu hedhi ya mwisho. Mwezi wa mwandamo ni siku 29 au 30, kwa hivyo miezi tisa ya mwandamo ni siku 265 au 266, na zinazobaki ni kama 14. Kanuni yangu ndiyo hiyo: miezi 9 na siku 14. Tuseme damu ilianza tarehe 25 Ramadhani. Mwezi wa tisa baada ya Ramadhani unaitwa Mfunguo Tisa, huna haja hata ya kuhesabu vidole, wazee wetu wameshakuhesabia. Kwa hivyo ni 25 Mfunguo Tisa, ongeza siku 14, unaangukia tarehe 9 au 10 Rajab. Hapo ndipo matarajio ya kujifungua, na mtoto anaweza kuja wiki mbili kabla au baada.

Kliniki ya kwanza nayo hivyo hivyo. Wiki 12 ni siku 84, yaani miezi miwili ya mwandamo na siku 25. Kwa mfano wetu ni 25 Mfunguo Pili na siku 25 juu yake: kiasi cha 20 Mfunguo Tatu. Huo ndio mwisho, usiufanye ndiyo miadi, kwa sababu siku kumi kabla yake ni Iddi Kubwa, na wiki ya Iddi usitegemee kumkuta kila mtu kazini. Lenga wiki ya nane, ambayo ni miezi miwili kasoro siku tatu, yaani 22 Mfunguo Pili. Ukikosa hapo, bado una nafasi ya kurudi.

Kama hedhi haikuangukia Ramadhani, kumbuka siku uliyotoharika ukaanza kusali tena, halafu rudi nyuma kwa idadi ya siku za ada yako ya hedhi. Kalenda ya ukutani yenye tarehe mbili itakupa ya Kizungu ya kumpa nesi. Damu iliyoanza baada ya Magharibi itakuletea tofauti ya siku moja, na kuandama kwa mwezi pia. Siku moja haiharibu kitu. Kinachoharibu ni damu ya uongo: matone ya siku moja mbili, mepesi kuliko ada yako, mimba ikiwa imeshaingia. Mtu akiyahesabu kuwa hedhi, anajipunguzia wiki nne. Ukiwa na shaka, mpe nesi tarehe zote mbili.

Kuna wasiokuwa na tarehe kabisa: waliokuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, na waliobeba mimba wananyonyesha kabla hawajaona siku zao. Hawa ndio wa kuwahi zaidi, maana dawa yao ni ultrasaundi. Mtoto akipimwa mapema, kabla ya wiki ya 14, umri unapatikana kwa kukosea wiki moja hivi au pungufu. Akipimwa mwezi wa nane, makosa yanaweza kufika wiki tatu. Ila usikimbilie picha wiki ya tano, utaonyeshwa kifuko kitupu au usione kitu, urudi nyumbani unalia bure. Wiki ya saba au ya nane moyo unaonekana. Kama hauonekani, picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14 kabla mtu hajasema lolote.

Kijicho sasa. Kituo cha afya ndicho hicho hicho kinachopima watoto uzito. Nilimbeba mtoto wa dada yangu siku ya mizani, nikakaa na wenye watoto, na zamu yangu ilipofika nikaingia kwa mkunga. Mtaa mzima ulinipongeza kwa kumsaidia dada.

Nilichukua tarehe zangu kwenye karatasi, kadi ya mimba iliyopita na maganda ya dawa zote ninazotumia. Wakapima urefu, uzito, presha na unene wa mkono (chini ya sentimita 23 ni dalili ya lishe dhaifu). Damu huangaliwa wingi wake, na chini ya gramu 11 kwa desilita unahesabiwa una upungufu. Kisha kundi la damu, UKIMWI, kaswende, homa ya ini ya B na sukari. Kama kipimo kimoja hakipo siku hiyo, ombeni kiandikwe kwenye kadi kuwa hakijafanyika, la sivyo mwezi ujao kila mtu atadhani kimefanyika. Huduma sikulipia. Nilichotoa ni nauli ya Chake na elfu chache za kipimo kimoja cha nje.

Mkojo hutazamwa protini na sukari. Huku kwetu ongeza kichocho, hasa kama umekulia karibu na mito na maziwa ya maji baridi, maana damu inayovujia kwenye mkojo kila siku inakumaliza bila kujua. Dawa ya kichocho na ya minyoo hungojewa mpaka wiki 12 za mwanzo zipite, kwa hivyo usishangae ukiambiwa rudi.

Vidonge vya damu vina madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi, aina ya vitamini, miligramu 0.4. Usivinywe na chai. Chai inazuia chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja au mbili, au kunywa na juisi ya chungwa. Choo kitakuwa cheusi na kigumu, ndiyo kawaida yake. Na udongo wa kutafuna, jamani, tuuache, unaifukuza ile ile damu unayoinywea vidonge. Foliki asidi kwa kweli hata kliniki ya mapema inaichelewa: uti wa mgongo wa mtoto unafunga kufikia wiki ya sita kwa hesabu ya nesi, wakati wengi ndiyo kwanza wanashuku. Anayetafuta mimba aanze kuinywa mwezi mmoja kabla. Asome pakiti dukani, vidonge vya miligramu 5 ni kwa maelekezo ya daktari, kama vile mtu aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo.

Hesabu zangu zote hizi si za mwenye presha, kisukari, kifafa au selimundu. Huyo aende mara kipimo kinapoonyesha mistari miwili. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, na za kifafa, kama valproate, humdhuru mtoto. Daktari ndiye wa kuzibadilisha. Kuziacha mwenyewe ghafla ni hatari nyengine. Na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kuzimia, wiki ya sita au ya nane, hayangoji siku ya kliniki hata kama damu ni matone. Mimba huenda imekaa nje ya kizazi, na hiyo ni ya spitali usiku huo huo.

Sindano ya pepopunda, ile ya wifi, nilichomwa siku ile ile na mimba haikwenda popote. Ya pili huja baada ya wiki nne, na ya tatu miezi sita baada ya ya pili. Mahudhurio yanayofuata ni wiki ya 20, kisha 26, 30, 34, 36, 38 na 40, kwa hivyo sindano ya pili mara nyingi inaangukia katikati. Muulize mkunga akuandikie tarehe yake peke yake kwenye kadi.