Boti Tupu Haipiti

Mjomba wangu hajawahi kumiliki boti, lakini ndiye aliyenifundisha kupita chini ya daraja letu. Alinifundisha vibaya, na kwetu mjomba habishiwi, kwa hiyo nililala kwenye tope kwa sababu ya adabu.

Daraja lenyewe liko kwenye hori mojawapo, yaani mkono mwembamba wa maji, linaloingia Mto Lukuledi, kabla mto haujafika ghuba ya Lindi. Ni boriti ya zege juu ya nguzo, fupi, na aliyelijenga aliwaza pikipiki na magunia ya korosho, hakuwaza mtu mwenye boti. Mashamba ya chumvi yako upande wa juu wa hori. Mimi nakaa upande wa chini. Kiangazi kile niliponunua boti ya faiba, urefu mita 8 hivi, mashine ya farasi 15, nilijua chumvi itanilipa. Bei ya boti sisemi, mke wangu anasoma.

Mjomba akasema: "Wewe subiri maji yapwe kabisa, daraja litakuwa juu kama mlango wa msikiti." Ni kweli, daraja lilikuwa juu. Maji ndiyo hayakuwepo. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Nimefika saa tatu na nusu asubuhi nikijiona nahodha, nikasikia mashine inakoroga uji. Nikainyanyua, nikashika pondo, ule mti wa kusukumia, pondo likazama tope nusu yake likabaki huko huko. Nikakaa. Kina mama waliokuwa wakiokota chaza kwenye mikoko wakapita kando yangu kwa miguu. Mmoja akauliza, "Baba, hiyo boti unaipanda kama muhogo?" Nimekaa hapo mpaka saa saba, na mbu wa mikoko hawangoji magharibi.

Baadaye nikapata ushauri wa pili, kutoka kwa jamaa mmoja wa sokoni: ingia maji yakiwa yanajaa, mkondo utakusukuma wenyewe. Huu ulikuwa mbaya kuliko wa mjomba.

Boti yangu wakati huo ilikuwa na paa la turubai juu ya mabomba ya chuma, yamechomelewa. Kwa macho niliona yanapita. Macho ya mtu aliyekaa kwenye boti yanadanganya, na mkondo unaokusukuma kutoka nyuma haukupi nafasi ya kufikiri mara mbili. Bomba la mbele likapita. La nyuma likagusa boriti, kwiii, likakaa. Nikarudisha mashine nyuma, haitoki. Na maji ndiyo kwanza yanajaa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya: kila dakika maji yanainyanyua boti, na juu yake kuna zege lisilonyanyuka. Bamvua ya huku maji hupanda zaidi ya mita 3 toka kupwa hadi kujaa. Nilisikia bomba likianza kulia na kukunja shingo.

Juu ya daraja walikuwa vijana wanavua kwa mishipi, wanacheka. Nikapaza sauti: "Shukeni! Shukeni wote ndani!" Wakadhani nataka msaada wa kusukuma. "Msisukume, kaeni!" Wakateremka kwa nguzo mmoja mmoja, wanane, wa tisa mnene kidogo, Mungu ambariki huyo. Alipokaa yeye, boti ikashuka upana wa vidole vichache, bomba likaachia, na mkondo ukatutema upande wa pili kama kokwa ya embe. Niliwanunulia mihogo ya kukaanga na soda, elfu ishirini na kitu ikaenda. Paa nikalikata wiki ileile.

Nikadhani nimemaliza, kumbe bado. Boti tupu, mashine nyuma, mimi nyuma, basi omo, yaani mbele ya boti, inainuka juu kama pua ya mwenye majivuno, na sasa omo ndiyo iliyokuwa ikigusa. Ajabu ni kwamba wakati wa kurudi, na viroba 20 vya kilo 50 ndani, nilipita bila hata kuinamisha kichwa. Tani moja ya chumvi inaizamisha boti yangu karibu nusu shubiri. Tatizo langu lilikuwa safari ya kwenda, ya mikono mitupu.

Safari iliyofuata nikajaza viroba vya mchanga mbele. Nikapita. Kisha nikafika mashambani nimwage mchanga wote ule, mgongo unauma, na dada mmoja anayekwangua chumvi akaniangalia akasema, "Kaka, kuliko kutubebea mchanga, si ungetubebea maji ya kunywa?"

Kule wanafanya kazi juani kutwa nzima, maji yamewazunguka pande zote na hayanyweki. Tangu siku hiyo napanda na madumu 40 ya maji ya kunywa, ya lita 20, karibu kilo 800, nayapanga mbele. Funga mifuniko. Nilijaribu mara moja kujaza maji wazi ndani ya boti niokoe madumu. Yakakimbilia upande mmoja na mimi nikakimbilia mwingine, tukaonana ana kwa ana.

Kwenye nguzo nimepiga mstari mwekundu wa rangi. Nikipanda nangoja maji yaanze kupwa mpaka mstari utokeze, ndipo naingia nikiukabili mkondo. Nikigusa, mkondo unanirudisha na maji yanazidi kushuka, hakuna wa kunibana. Nikishuka na chumvi naondoka maji yakianza kujaa, polepole, kabla mstari haujamezwa. Ukimezwa tunalala huko huko. Saa zenyewe husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo atakayekuambia "pita saa fulani" bila kutaja mwezi uko wapi, muage kwa heshima. Masika sihangaiki, mto unashuka na maji ya bara bila ratiba na chumvi yenyewe haipo.

Dumu nauza bei ya kueleweka, wakati mwingine nakopesha. Safari ya kupanda sasa inalipa mafuta ya kwenda na kurudi, na kidogo kinabaki.

Mjomba juzi amewaambia watu barazani kwamba yeye ndiye aliyenionyesha njia ya pale darajani. Nilikuwepo. Nikamwongezea kahawa.