Vidole Kabla ya Penseli: Siku Moja Maishani Mwangu Katika Darasa la Maandalizi, Pemba

Ninafundisha darasa la maandalizi katika skuli moja ya kijijini kaskazini mwa Pemba, njia ya kwendea Konde. Kazi yangu ikitajwa mbele ya watu, jambo ninaloambiwa mara nyingi ni kwamba nimebahatika kulipwa kwa kushinda na watoto wanaocheza. Nimeamua kuiandika siku yangu moja ili asiyewahi kuingia darasani mwetu aone mchezo huo umebeba nini, na aone pia kwa nini sina haraka ya kumkabidhi mtoto wa miaka 4 penseli na daftari.

Saa 11:00 alfajiri, baada ya sala, ninakanda unga wa kuchezea. Kipimo changu ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta ya kupikia, na maji ya uvuguvugu yanayotiwa kidogo kidogo mpaka donge liache kuganda mkononi. Chumvi ndiyo inayolihifadhi kwa siku kadhaa, na mtoto akilionja mara moja harudii tena. Nusu yake ninaitia manjano ya jikoni ili nipate rangi mbili. Unga huu hutoka mfukoni mwangu, kwa hiyo si kila wiki ninaweza kuukanda. Wiki nyingine tunatumia udongo wa kufinyanga, ambao kwa kweli unatia nguvu zaidi kwa kuwa ni mgumu kuuminya.

Saa 1:30 asubuhi watoto wamefika, wamepanga mstari, wameimba, wamenawa mikono na wameitwa majina. Ni zaidi ya 40, nasi walimu tuko wawili.

Saa 2:00 tunaanza na mabega. Mgeni akituona wakati huu hudhani tumepotea njia, maana anaambiwa ni somo la mikono naye anawaona watoto wakitambaa uani, wakisukuma ukuta kwa viganja na kuupaka ukuta huo maji kwa burashi kuukuu za rangi, kutoka juu wanakofikia hadi chini. Mwili wa mtoto hupata udhibiti kutoka kiwiliwili kwenda nje: bega kwanza, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono, na vidole mwisho. Mtoto ambaye bega lake halijatulia hutembeza mkono mzima akitaka kuchora mstari wa urefu wa kidole, na huchoka kabla ya kuumaliza.

Baada ya hapo tunakaa duara kwa mchezo wa hodi. Kidole gumba ndiye mgeni, na vidole vinne vilivyobaki ni nyumba. Gumba linabisha hodi kwa kidole cha shahada, watoto wanaitikia karibu, linakwenda cha kati, cha pete, hadi cha mwisho, kisha linarudi mlango kwa mlango. Wanafanya kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, kwa yote miwili kwa pamoja, na wale wa mwaka wa pili wanafanya wakiwa wamefumba macho. Hapo ndipo mwalimu anapotazama. Kuna mtoto ambaye gumba lake likienda kugusa kidole cha pete, vidole vyote vinakunjwa kwa pamoja, kwa sababu bado hajaweza kukiamuru kimoja pekee. Kuna mwingine ambaye mkono wa kulia ukifanya kazi, wa kushoto nao unajikunja pembeni. Ninaandika majina yao katika kijitabu changu, na majina hayo ndiyo yanayoamua nani akae mkeka gani saa inayofuata.

Saa 2:45 mikeka mitano imetandikwa. Wa kwanza una komwe na mbao za bao, na watoto wanatia komwe mojamoja katika mashimo kwa kutumia vidole viwili. Ninazipenda komwe kuliko choroko au mbaazi kwa kuwa ni kubwa, haziingii puani wala sikioni, ingawa hata hizo tunazihesabu kabla na baada. Wa pili una vibanio vya nguo na kamba iliyofungwa kati ya viti viwili. Wa tatu una chupa tupu za maji na vifuniko vyake vilivyochanganywa, kila mtoto atafute kifuniko kinachokubali na akikaze. Wa nne ni wa unga. Wa tano ni wa shanga, na huu ndio ninaojivunia.

Shanga zetu ni mabua ya majani ya mpapai. Bua la mpapai lina uwazi katikati, kwa hiyo ukilikata vipande vifupi na kuvianika mpaka utomvu ukauke unapata shanga nene, nyepesi na zisizo na gharama. Uzi wetu ni ukindu uliosokotwa, ncha yake nikiwa nimeichovya katika nta ili isimame. Siku hiyo nilimtazama kwa muda mrefu msichana mdogo aliyekuwa akitunga. Alikamata shanga kwa mkono wa kushoto, akaingiza ncha kwa mkono wa kulia, akafika mahali pagumu: ncha imetokeza upande wa pili, na ili aivute lazima mkono wa kulia uachie uzi, uhamie upande ule mwingine na uikamate tena, wakati wa kushoto haujatikisika. Mara ya kwanza aliachia mikono yote miwili na shanga ikaanguka. Akaiokota, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo, akaanza upya, na safari hii mkono wa kushoto ulingoja. Mkono mmoja kutuliza na mwingine kutenda ndiyo kazi atakayoihitaji siku atakapoizuia karatasi huku akiandika, na atakapoishika nguo huku akipitisha sindano. Bibi zake wanaosuka ukili na kutunga asumini wameufanya mwendo huo maisha yao yote.

Saa 3:30 akaja baba wa mtoto mmoja, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipokwenda.

Alisimama mlangoni na daftari mkononi. Tulisalimiana, nikamkaribisha, akasema amekwisha karibia na hatakaa, na hakukaa, lakini hakuondoka pia mpaka karibu na saa 4:30. Alilifungua daftari mbele yangu ukurasa baada ya ukurasa. Lilikuwa jeupe lote. Maandishi pekee yalikuwa jina la mwanawe juu ya jalada, alilolitia mwenyewe siku ya kulinunua.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema, "lakini mtoto wa jirani yangu, umri mmoja na huyu, anasoma kwengine, naye anaandika kurasa mpaka mama yake anamnunulia daftari jengine. Huyu wangu nikimuuliza amesoma nini leo, ananiambia amefungua chupa."

Nilimwambia kuwa ni kweli amefungua chupa, na kwamba mwanzoni mwa mwaka hakuweza kuifungua. Jibu hilo halikumridhisha, nami sikutarajia limridhishe. Alirudia habari ya jirani. Nyuma yangu mkeka wa unga ulikwisha kuhamia ukutani, na mwenzangu alikuwa peke yake na watoto wote wale. Mzazi ana haki ya kuuliza, na ninaiheshimu haki hiyo. Ila kuna uchovu wa namna yake katika kuitetea kazi ukiwa umesimama katikati ya kuifanya.

Nilijaribu kumweleza kwa utaratibu. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo ni gegedu tupu, na mifupa hiyo hujengeka mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, hata ule wa mwisho aghalabu hauonekani katika picha ya eksirei mpaka mtoto awe na miaka 9 hadi 12. Misuli midogo ya kiganja nayo inangoja kutumiwa ili ipate nguvu. Mtoto wa miaka 4 anayelazimishwa kujaza kurasa huikamata penseli kwa ngumi au huikumbatia kwa vidole vyote, akakandamiza mpaka karatasi itoboke, na mazoea hayo akiingia nayo darasa la kwanza, kuyaondoa ni kazi ngumu kuliko kumfundisha asiyejua. Vidole vitatu vinavyotakiwa kuishika penseli, yaani gumba, cha shahada na cha kati, kwa watoto wengi hukaa sawa kati ya miaka 4 na 6, na ndivyo hivyo hivyo vinavyobana kibanio, vinavyokaza kifuniko na vinavyotia komwe shimoni.

"Basi na mkono wa kushoto?" akauliza. "Nimeambiwa anachezea mkono wa kushoto nanyi mnamwacha."

Hili ni swali zito kwetu, na sikulipuuza. Wakati wa kula tunawafundisha watoto wote kutumia mkono wa kulia, kwa sababu hiyo ni adabu tuliyolelewa nayo na mtoto anaweza kuishika. Ama mkono wa kuandikia, mtoto ambaye kila kazi ya vidole huianza kwa kushoto, mwaka mzima, sitamfunga mkono huo wala kumpiga kofi la vidole. Nitamkalisha upande ambao kiwiko chake hakigongani na cha mwenziwe, na karatasi yake nitaiinamisha upande wa kulia. Nilimweleza hivyo baba yule na sauti yangu, nadhani, ilikuwa imepanda kidogo.

Nikamuuliza nyumbani wanafanya kazi gani msimu huu. Akasema ni karafuu, kama watu wote. Nikamuuliza nani anachambua. Akasema mama, bibi na watoto wakubwa; huyu mdogo hawamruhusu kugusa kwa kuwa anachelewesha. Nikamwomba ampe konzi moja tu kila jioni katika sinia lake mwenyewe, akae karibu na bibi yake, atenge karafuu upande huu na makonyo, yaani vijiti vya shada, upande huu, kwa vidole, bila kuzipura kiganjani. Kuikamata shada kwa mkono mmoja na kuing'oa karafuu mojamoja kwa mkono wa pili bila kuivunja kichwa ni zoezi ambalo mimi hapa darasani ninalitafuta kwa vibanio na mabua ya mpapai.

"Karafuu ni pesa, mwalimu," akanijibu. Nikamwambia konzi moja haitapunguza kitu katika mizani, na zitakazoharibika zitakuwa chache. Akalikunja daftari, akalitia mfukoni, akaaga kwa heshima. Hakusema atafanya, wala hakusema hatafanya.

Mapumziko yalikuwa yamekwisha kuanza bila mimi. Watoto walikuwa wakimenya machungwa na mayai ya kuchemsha, kazi ambayo sisi hatuwafanyii hata wakilalamika, kama tusivyowafungia vifungo vya mashati wala kanda za viatu. Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Kulikuwa na kukata: wachanga huchana karatasi za kalenda za zamani kwa vidole, walioendelea hukata kuti kwa mkasi pigo mojamoja, na wakubwa hufuata mstari niliouchora, kisha vipande hivyo tunatengenezea vititia vya kukimbia navyo uani. Kulikuwa na sinia za mchanga, ambamo mtoto huandika herufi kwa kidole cha shahada, huitikisa sinia na kuandika tena. Kulikuwa na herufi nilizozikata katika msasa, wazipapase kabla ya kuziona katika kitabu. Njia hiyo si yangu, aliitumia Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Mtoto mmoja alilia kwa kuwa amekosa kibanio chekundu. Mwingine alijikojolea. Mvua ya ghafla ikatuingiza ndani sote pamoja na mchanga, na mgongo wangu ukaanza kuuma kwa kuinama kwenye vimo vyao.

Walipoondoka, sisi tulibaki kuhesabu komwe, kuanika vifuniko na kuufunga unga ndani ya mfuko usiingie hewa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiweka elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, na wazee wa kijiji chetu wanavijua vituo vya Tucheze Tujifunze, ambako watoto walifundishwa kwa michezo wakiongozwa na vipindi vya redio. Kwa hiyo ninalolifanya halikuanza na mimi wala si uvivu wa kusahihisha madaftari. Ningependa mzazi alijue hilo kabla hajanijia mlangoni, maana kila dakika ninayoitumia kujitetea huwa nimeitoa kwa mtoto ambaye gumba lake bado halijakifikia kidole cha mwisho.

Jioni nilipita shambani kwa jirani kuomba mabua ya mpapai, nikayakata na kuyaanika barazani. Kisha nikakifungua kijitabu, nikampangia mtoto wa yule baba mkeka wa vibanio kwa juma zima. Siku atakapobana na kuachia vibanio kumi mfululizo kwa vidole vitatu bila kiganja kuingilia, akatia vifungo vya shati lake mwenyewe na akachora duara likafungika, nitamkata penseli fupi inayomtosha vidole hivyo vitatu tu. Baba yake nitamwita aje siku hiyo, na daftari aje nalo.