Siku Moja Maishani Mwangu: Kufagia Bury St Edmunds Jumamosi ya Gulio

Watu wengi wa nyumbani Tanga wakisikia kwamba ninafagia barabara Uingereza, hunyamaza kidogo kisha hubadilisha mazungumzo. Ninaandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote anayedhani kwamba kazi hii haihitaji zaidi ya fagio na nguvu za mikono. Mji wenyewe ni Bury St Edmunds, katika kaunti ya Suffolk, na siku niliyoichagua ni Jumamosi moja ya Novemba, kwa sababu Jumamosi, kama Jumatano, ni siku ya gulio.

Saa 11 alfajiri bado ni giza totoro. Ninapita Westgate Street, kwenye kiwanda cha bia cha Greene King kilichoanza mwaka 1799, ambako mara nyingi hewa hunukia shayiri iliyochemshwa. Ng'ambo ya mji, mvuke wa kiwanda cha sukari unapanda katika mwanga wa taa, kwani huu ni msimu wa kusindika viazisukari. Njiani ninakutana na dada mmoja wa Mombasa anayetoka zamu ya usiku ya kuhudumia wazee. "Pole na kazi, kaka." "Nawe pole, dada, kalale." Hatusemi zaidi, kila mmoja anajua saa ya mwenzake.

Saa 12 ninaanzia Angel Hill, uwanja mpana ulio mbele ya lango la abasia, makao ya zamani ya watawa. Lango hili lilijengwa upya katika karne ya 14, baada ya wenyeji kuivamia abasia mwaka 1327, wakiwa wamechoshwa na watawa walioumiliki mji na ushuru wa soko lake. Watalii hulitazama kwenda juu; mimi hulitazama chini, kwa kuwa upepo hupenya humo ukibeba majani ya bustani na kuyarundika uwanjani, hadi kwenye nguzo ya alama za barabarani ya mwaka 1935 ambayo watu huiita Pillar of Salt. Majani yaliyolowa juu ya mawe huteleza vibaya, na wazee wanaokwenda kanisa kuu wanaanza kupita mapema. Kwa hiyo hayo huondoka kwanza, kabla ya karatasi na makopo yanayoonekana kuwa uchafu mkubwa zaidi.

Abbeygate Street inapanda kutoka hapo kuelekea sokoni, nami ninaifagia kutoka juu kwenda chini, kwa sababu maji ya mvua hushusha kila kitu upande huo. Mitaa hii ya kati ilipangwa kwa mistari iliyonyooka tangu karne ya 11, enzi za Abate Baldwin, na mtaa ulionyooka huupa upepo njia. Mfagiaji asiyejua upepo unatoka wapi atafagia mtaa mmoja mara mbili. Pale The Traverse kuna baa ndogo sana iitwayo The Nutshell, ambayo chumba chake hakizidi sana mita nne na nusu kwa mbili, hivyo wateja hunywea nje, na vichungi vya sigara vyao hujibana katikati ya mawe, mahali ambapo fagio halifiki. Mimi huvitoa kimoja kimoja kwa koleo la kubania.

Saa 4 asubuhi gulio limejaa. Karibu na meza za mkahawa mmoja huko Buttermarket, sehemu moja ya gulio, ninaona chupa iliyovunjika, vipande vyake vimetawanyika chini ya meza aliyokalia bwana mmoja na mbwa wake. Nilimwomba kwa adabu asogee meza ya pili kwa muda mfupi. Akanijibu kwamba amelipia kahawa yake na atakaa mpaka aimalize, kisha akafungua gazeti. Nikamwonyesha vipande, akasema nisubiri. Kuondoka sikuweza, maana watoto walikuwa wakipita na wengine wanapenda kuchutama kumshika mbwa. Nikageuza toroli likaziba njia, nikasimama pale kama mlinzi wa benki. Akaagiza kahawa nyingine. Msimamizi akanipigia simu kuuliza kwa nini sijafika Cornhill, sehemu nyingine ya gulio, ambako mifuko ya plastiki ilikuwa imeanza kuruka, nikaeleza, akaguna. Bwana yule alipoondoka hatimaye hakunitazama, na nyayo za mbwa wake zilikuwa salama kwa sababu nilikuwa nimezichunga muda wote ule. Nikapiga magoti na kuanza kutoa vigae vya chupa kutoka kwenye viungo vya mawe. Liliniuma, na bado linaniuma, kwamba mtu anaweza kuiona hatari, akamwona na aliyekuja kuiondoa, kisha akamchukulia huyo wa pili kuwa ndiye usumbufu.

Mchana ulipita kwa mapipa ya taka tu.

Zamu ya kawaida ingekuwa imekwisha, lakini siku ya gulio mtu hubaki. Saa 10 jioni wachuuzi wanafunga, na giza linaingia juu ya kuta za gumegume za Moyse's Hall, jengo la mwaka 1180 hivi ambalo limeshuhudia soko hili likifungwa vizazi kwa vizazi. Muuza mboga mmoja hukunja maboksi yake na kuyafunga kamba, nami humheshimu sana kwa hilo. Wengine huacha yalivyo, na jioni hiyo mvua ikaanza, maboksi yakalowa, kila moja likawa zito na kupasuka mkononi. Gari la kufagia haliwezi kuingia mpaka gari la mwisho la mchuuzi litoke, na la mwisho lilikataa kuwaka. Tukalisukuma, dereva wa gari la kufagia, mchuuzi na mimi, mgongo ukilalamika, hadi likakubali kwenye mteremko. Kisha majani ya kabichi, kisha maji ya barafu ya samaki, ambayo yasipomwagiwa maji safi usiku huo hunuka hadi Jumatatu.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi tulipomaliza. Nakumbuka kwamba Cornhill yote ilikuwa tupu na imeoshwa, na kwamba kabla ya kurudisha toroli niliandika kwenye fomu ya zamu: meza za Buttermarket zikaguliwe tena asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa kuwa vigae vidogo huonekana vizuri wakati huo tu.